Kadi ya dhahabu inaniita, Mjomba. Niitikie?

Mjomba, shikamoo.

Mimi ni mfasiri na mkalimani wa kujitegemea, huu mwaka wa sita. Kazi ninayo, ila malipo ndiyo yanayochelewa. Wateja wangu wawili wakubwa hulipa siku 60 baada ya kupokea ankara, na mmoja wao siku hizo huzihesabu kwa mwendo wa kinyonga. Sarafu sitaitaja, chukulia tu kwamba mwezi wangu wa kawaida ni 1,000. Mwezi mzuri hufika 1,600. Mwezi mbaya nimewahi kuona 300.

Miaka yote nimetumia kadi ya kawaida ya benki, ile inayokata moja kwa moja kwenye akaunti. Ilinitosha hadi mwaka jana, nilipokwenda kukalimani mkutanoni na hoteli ikazuia 250 kama dhamana ya chumba. Sikuvunja hata glasi, lakini fedha zile zilirudi baada ya siku tisa, na ndani ya siku hizo kodi ya nyumba ilikuwa imefika. Nikasema basi, na mimi nitafute kadi ya mkopo.

Benki nimepokewa na kijana mchangamfu, akanipangia kadi tatu mezani. Ya kwanza ni ya dhahabu: kikomo 4,000, ada ya mwaka 90, riba 3.5% kwa mwezi, pointi zenye thamani ya 1% ya kila ninachonunua, na ruhusa ya kuingia ukumbi wa mapumziko uwanja wa ndege. Ya pili ni ya kawaida: kikomo 1,200, haina ada ya mwaka, riba 2.5% kwa mwezi, pointi hakuna. Ya tatu ni ya dhamana: naweka 500 kwenye akaunti iliyofungwa, wananipa kikomo cha 400. Hiyo, alisema, ni ya watu ambao benki bado haijawajua.

Mimi moyo uko kwenye dhahabu. Rafiki yangu anayo. Tukisafiri pamoja yeye huingia ukumbini, mimi nabaki kwenye viti vya chuma, na sitakuficha, hilo linaniuma. Kijana yule anasema wateja wa aina yangu wengi huchukua hiyo, na kwamba kila mwezi nitatakiwa kulipa 5% tu ya deni. Matumizi yangu yatakuwa tiketi, hoteli, na usajili wa programu za kazi ambao hulipwa mara moja kwa mwaka kwa fedha za kigeni.

Kuna jambo moja dogo. Ile kodi niliilipa kwa mkopo wa simu wa 600. Baada ya siku 30 unatakiwa urudishe 660, au ulipe ile 60 wakusogezee mwezi mwingine. Nimesogeza mara nne. Kijana wa benki anasema kadi yoyote kati ya hizo mbili za kwanza inaniruhusu kutoa taslimu hadi nusu ya kikomo kwa ada ya 4%, kwa hiyo naweza kuutoa huo mkopo njiani. Nimeona ni wazo zuri, ila kila mtu husema usitoe taslimu kwenye kadi ya mkopo. Nimsikilize nani?

Mpwa wako, Mfasiri wa Miezi Mibaya

*

Marahaba, mpwa wangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliisoma ulivyotaka niisome, nikawa nalinganisha kadi na kadi. Mara ya pili nilikwama kwenye aya uliyoianza kwa "kuna jambo moja dogo". Mtu aliyelipa 240 na bado anadaiwa 600 zilezile hana jambo dogo. Hilo ndilo litakalochagua kadi, pointi na kumbi zinafuata nyuma.

Wenye kadi za mkopo wako wa aina mbili. Kuna anayelipa taarifa yote ya mwezi, yaani jumla yote ambayo benki imemwandikia kuwa anadaiwa, kabla ya tarehe ya mwisho, na kuna anayebakiza. Wa kwanza halipi riba kwenye manunuzi yake. Kwake riba iwe 2% au 5%, haimhusu, kwa hiyo anaweza kukaa na kulinganisha zawadi. Wa pili ndiye anayelipia zawadi za wa kwanza. Kwake kitu cha kutazama ni riba, halafu riba tena, halafu ada. Kadi iliyo nzuri kwa mmoja inaweza kumla mwenzake akiwa hai.

Wewe ni yupi? Usinijibu kwa nia, kila mtu ana nia ya kulipa yote. Tazama ulichofanya miezi minne iliyopita: ulibakiza, ukabakiza, ukabakiza. Sikulaumu. Mtu mwenye mwezi wa 300 katikati ya miezi ya 1,000 atabakiza tu, hata awe na nidhamu ya mtawa. Basi tuchague kadi ya mtu anayebakiza, kisha tutafute jinsi ya kumtoa huko.

Tuanze na ile 5% aliyokutajia kijana kana kwamba ni punguzo. Chukua deni la 1,000 kwenye kadi ya dhahabu, riba 3.5% kwa mwezi, usinunue kitu kingine, uwe unalipa hiyo 5% kila mwezi bila kukosa. Baada ya miezi 12 utakuwa umelipa karibu 567. Deni lako litakuwa karibu 816. Rudia kuisoma sentensi hiyo. Kati ya 567 ulizotoa, 383 ni riba. Na kwa kuwa kiwango cha chini ni asilimia ya deni, deni likishuka na malipo yanashuka nalo, ndiyo maana mkia wake haukatiki. Kiwango hicho kimewekwa ili usihesabiwe kuwa umechelewa, hakikuwekwa ili umalize.

Halafu hiyo 3.5% isikudanganye kwa udogo wake. Ya mwezi mara 12 si 42% kama unavyodhani, maana riba nayo huzaa riba: kwa mwaka inafika 51%. Ya kadi ya kawaida, 2.5%, inafika 34.5%. Hakuna iliyo rahisi hapo. Ila kati ya moto na moto, kuna ule unaoweza kuuzima kwa ndoo moja.

Sasa pointi. Ada ya 90 kwa zawadi ya 1% maana yake ni ununue vitu vya 9,000 kwa mwaka ndipo urudishe ada tu, kabla hujapata faida hata ya senti. Mwaka wako wote ni kama 12,000, na humo mna kodi ya nyumba, ambayo mwenye nyumba wako sidhani ana mashine ya kadi. Ukibakiza deni la 500 mwezi mmoja, wanakupa pointi za 5 na kukata riba ya 17.5. Ukumbi wa mapumziko: ukisafiri mara mbili kwa mwaka, kila kuingia ni 45. Siongezi neno.

Nitaongeza moja, kwa sababu linanigusa na mimi. Mwaka 2001 watafiti wawili wa chuo cha MIT huko Marekani, Prelec na Simester, waliwauzia watu kwa mnada tiketi za mpira wa kikapu zilizokuwa zikigombaniwa. Nusu waliambiwa watalipa taslimu, nusu kwa kadi ya mkopo. Wa kadi walitaja bei karibu mara mbili ya wenzao. Tiketi zilezile. Kwa hiyo unapopiga hesabu ya pointi 1%, weka upande wa pili wa mizani vile vitu ambavyo usingevinunua kama ungezihesabu noti kwa kidole.

Dhahabu tumeiweka kando. Ya dhamana nayo si yako, ingawa ni kadi nzuri kwa kijana anayeanza au kwa mtu anayejenga upya rekodi iliyoharibika: amana yake inamlinda mkopeshaji, na kila malipo ya wakati yanaandikwa mahali panaposomwa na wakopeshaji wengine. Lakini wewe kama una 500 za kuzifungia akauntini, zipeleke leo zikaue mkopo wa simu. Kama huna, basi kadi hiyo imejiondoa yenyewe.

Inabaki ya kawaida, isiyo na ada wala pointi wala hadithi ya kumsimulia rafiki. Chukua hiyo.

Kuhusu kutoa taslimu, hao "kila mtu" wako wana sababu. Unapolipia kitu kwa kadi, unapata siku kadhaa zisizo na riba. Unapotoa taslimu, riba huanza siku ileile, na ada juu. Mimi mwenyewe barua nyingine 100 ningezijibu kwa neno moja: usithubutu. Ya kwako nilikaa nayo na kalamu, na kalamu ikasimama upande wa yule kijana. Mkopo wa simu unakula 60 kila mwezi, yaani 10%. Ukitoa 600 kwenye kadi ya kawaida, ada ni 24, deni linaanza 624. Lipa 120 kila mwezi, utamaliza mwezi wa sita, na jumla utakuwa umelipa kama 677. Gharama yote ni 77. Kwa miezi hiyohiyo sita mkopo wa simu ungekula 360, na 600 zingekuwa bado zimekaa palepale zinakutazama.

120 utazitoa wapi? Nusu yake tayari unazitoa, ndizo zile 60 za kusogeza. Unatafuta 60 nyingine tu. Mwezi ukiwa wa 300, lipa angalau kiwango cha chini kabla ya tarehe, na mwezi mzuri ukija toa 250 bila kusubiri kuombwa.

Lakini kabla hujatoa hiyo taslimu, muulize kijana swali ambalo hakulitaja, pengine kwa sababu hana lengo la mauzo juu yake: je, benki inaweza kukupa mkopo mdogo wa kawaida wa miezi sita? Wenye kazi zisizo na mshahara hukataliwa mara nyingi, ila kuuliza hakukatwi ada. Akikutajia riba, uliza inapigwa kwenye deni linalopungua au kwenye mkopo wote wa mwanzo hadi mwisho. Riba ya 2% inayopigwa kwenye mkopo wote kila mwezi ni ghali kuliko 2.5% ya deni linalopungua, hata kama tarakimu inasoma kinyume. Ukipata mkopo wenye jumla ya malipo chini ya 677, uchukue huo, na kadi isiguswe.

Ukiishia kutumia kadi, mna mtego mmoja ndani yake ambao wengi hawaujui mpaka taarifa iwafikie. Zile siku zisizo na riba ni za mtu aliyelipa taarifa iliyotangulia yote. Kadi nyingi, ukishabeba deni la mwezi uliopita, kila unachonunua kinaanza kuhesabiwa riba tangu siku ya kununua. Kwa hiyo miezi yote unayomaliza zile 624, kadi hiyo haina kazi nyingine. Tiketi na usajili wa programu viende kwenye kadi yako ya zamani, ile ya akaunti. Hoteli pekee ndiyo yenye nafuu hapa: kuzuia dhamana hakuhesabiwi kuwa manunuzi, wanazuia sehemu ya kikomo chako, na fedha zako za kodi zinabaki akauntini. Nafasi ya kikomo utakuwa nayo. Siku ya kuondoka lipia chumba kwa kadi ya zamani na uwaombe waondoe zuio.

Na programu ya mkopo ifute kwenye simu siku unayoimaliza. Nimesoma barua nyingi za watu waliohamisha deni kwenda kadi, wakaona mkopo wa simu umerudi mtupu na unawaita kwa jina, wakaishia kubeba yote mawili. Hapo hata hesabu yangu nzuri ya 77 inakuwa karatasi ya kufungia vitu.

Sasa tarehe. Kadi ina tarehe mbili na watu huzichanganya: siku taarifa inapofungwa, na siku ya mwisho ya kulipa. Tuseme inafungwa tarehe 20 na unapewa siku 21 za kulipa. Ukinunua tarehe 21, kitu hicho kitaingia taarifa ya mwezi unaofuata, una siku kama 51. Ukinunua tarehe 19, una siku kama 22. Bei ileile, kadi ileile, nafasi ya kupumua imezidi mara mbili. Muulize kijana taarifa yako itafungwa lini, na kama tarehe inaweza kusogezwa; benki nyingi hukubali. Isogeze ili siku ya kulipa iangukie baada ya siku ambayo wateja wako huamka.

Ila angalia: 51 bado ni ndogo kuliko 60. Wateja wako wanachukua muda mrefu kuliko kadi yoyote itakavyokusubiri bila riba, na ule mwendo wa kinyonga wa yule mmoja sijauweka. Ukinunua tiketi ya kazi ya mteja ukitegemea malipo ya kazi hiyohiyo, umeshabakiza kabla hujapanda ndege. Hapa dawa haiko benki. Mwandikie mteja kwamba kuanzia mkataba ujao gharama za safari zinalipwa kabla, au anakata tiketi mwenyewe. Wakubwa wengi hawakatai, hawajawahi kuombwa tu.

Usajili wa fedha za kigeni: uliza ada ya kubadilisha, mara nyingi huwa kati ya 1% na 3%, na haiandikwi kwenye kipeperushi cha mbele. Mashine au tovuti ikikuuliza ulipe kwa sarafu ya nyumbani au ya muuzaji, chagua ya muuzaji, maana ile ya nyumbani hubadilishwa kwa kiwango cha muuzaji na mara nyingi hakikupendi. Jina la Visa au Mastercard lililoko pembeni lisikusumbue. Hizo ni barabara tu zinazopitisha malipo. Riba, ada na kikomo vinapangwa na benki iliyokupa kadi. Wawili wenye kadi za nembo moja wanaweza kulipa riba zisizofanana hata kidogo.

Kwa taarifa yako, kadi za kwanza za aina hii hazikuwa na jambo hili la kubakiza. Diners Club ya mwaka 1950, huko New York, ilitaka ulipe yote kila mwezi. Deni la kubakiza na kuzungusha lilishika kasi baadaye, BankAmericard ilipotoka mwaka 1958, hiyo ambayo tangu 1976 inaitwa Visa. Nakuambia hivi kwa sababu siku hizi wengi huona kubakiza ndiyo kazi ya kadi.

Mambo mengine nayapitia haraka. Weka makato ya moja kwa moja ya kiwango cha chini, ili usije ukalipa faini ya kuchelewa eti ulikuwa kwenye kibanda cha ukalimani; zile 120 kamili zilipe kwa mkono. Benki ikikutumia ujumbe wa pongezi kwamba kikomo kimepandishwa, jibu hapana. Deni hili likiisha, jitahidi deni lolote jipya la kadi lisipite theluthi moja ya kikomo, yaani kama 400, kwa kuwa wanaosoma rekodi za mikopo hutazama hilo. Na soma taarifa mstari kwa mstari. Ukiona malipo usiyoyajua, piga simu siku hiyohiyo, pingamizi lina muda wake.

Ukifika mwezi wa saba na deni ni sifuri, ngoja taarifa moja ije ikiwa tupu. Kisha lipia usajili wako wa mwaka siku moja baada ya taarifa kufungwa, na fedha zake ziwe tayari zimelala akauntini. Fanya hivyo mwaka mzima, taarifa 12 zilizolipwa zote, halafu uniandikie tena kuhusu dhahabu. Nitaifungua hesabu upya na sitakuwa na kinyongo.

Kuhusu vile viti vya chuma: baadhi ya kadi za aina ya rafiki yako humruhusu mwenye kadi kuingia ukumbini na mgeni mmoja bila malipo. Muulize ya kwake inasemaje, na kama inaruhusu, akueleze miaka yote hiyo alikuwa anakuacha nje kwa nini.

Mjomba